Roald Dahl: aliondoka Dar na gari, akaenda kuanguka na ndege jangwani

Leo siandiki siasa wala mpira. Nataka kuwasimulia maisha ya mtu mmoja ambaye wengi wenu mnaijua kazi yake hata kama jina lake hamlikumbuki. Kama umewahi kuangalia filamu ya Matilda ya mwaka 1996, yule binti mdogo anayesogeza vitu kwa macho tu, au ile ya kiwanda cha chokoleti aliyocheza Johnny Depp mwaka 2005, basi umeshaonja. Zote mbili zilitoka kwenye vitabu vya Roald Dahl, mwandishi aliyefariki mwaka 1990.

Mimi lakini sikumfahamu kupitia filamu wala vitabu. Nilimfahamu kupitia ndege. Ngoja nianzie hapo.

Nilipokuwa nasoma Uingereza, rafiki yangu mmoja anayependa sana mambo ya injini alinivuta Jumapili moja twende Old Warden, kijiji kilichopo Bedfordshire, kuangalia maonyesho ya ndege za kizamani. Kiingilio si cha mwanafunzi, kwa hiyo nilikwenda shingo upande. Nilidhani ni makumbusho tu, ndege zimefungiwa bandani na vumbi juu yake. Kumbe zinaruka!

Uwanja wenyewe ni wa majani, hauna lami. Watu wamekaa nyuma ya uzio kwenye viti vya kukunja, wamebeba chupa za chai na mikate, kama sisi tunavyokaa kwenye mechi ya mchangani. Kuna wazee wamevaa kofia zenye beji kibao, kuna vijana wana kamera zenye lenzi ndefu kama bomba la moshi. Injini ikinguruma kwa mbali, ndege haijaonekana bado, watu wameshataja jina lake. Kosea uone, utarekebishwa na mtoto wa miaka 10.

Iliyonimaliza siku ile inaitwa Gloster Gladiator. Ni ndege ya kivita ya Waingereza ya miaka ya 1930. Ina mabawa ya ghorofa, moja juu na jingine chini, na katikati kuna nguzo na nyaya za kuyashikilia. Sehemu kubwa ya mwili wake ni kitambaa kilichokazwa kama ngozi ya ngoma. Ina bunduki 4 za rashasha: 2 ziko kwenye mabawa ya chini, na 2 ziko ubavuni, zinapiga katikati ya pangaboi linalozunguka bila kuligusa, maana kuna mtambo unaozipangia muda wa kufyatua. Mbio zake za mwisho ni kama kilomita 400 kwa saa.

Ikapita juu yetu imelala upande mmoja, jua la jioni linapiga kwenye mabawa. Watu kimya. Halafu makofi. Na mimi nikapiga makofi, na picha nikapiga nyingi tu. Kwa kweli ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya.

Mzee mmoja aliyekaa jirani yetu akaniuliza natokea wapi. Nikamwambia Dar es Salaam. Alifurahi kama vile nimemtajia kijijini kwao. Akaniambia kwamba Roald Dahl naye aliishi Dar, na kwamba ndege ya aina hiyo hiyo niliyokuwa naipigia makofi nusura imuue. Nikatikisa kichwa kama mtu anayejua, ili nisionekane mshamba. Ukweli sikuwa najua kitu. Nikaona aibu: mgeni ananisimulia historia ya mji wangu mwenyewe.

Kuanzia usiku ule nikaanza kumsoma jamaa. Haya ndiyo niliyoyapata.

KIJANA WA SHELL PALE DAR

Roald Dahl alizaliwa tarehe 13 Septemba 1916, Llandaff, Cardiff, huko Wales. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Norway, na jina la Roald alipewa kwa heshima ya Roald Amundsen, yule Mnorway aliyekuwa wa kwanza kufika Ncha ya Kusini. Mwaka 1920, Roald akiwa na miaka 3 tu, dada yake Astri alifariki kwa ugonjwa wa kidole tumbo. Baada ya wiki chache baba naye akafuata. Mama akabaki na watoto peke yake.

Shule alizosoma zilikuwa za fimbo. Alipomaliza hakutaka chuo kikuu, alitaka kwenda mbali. Mwaka 1934 akaajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell, na mwaka 1938 wakampeleka Dar es Salaam. Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza. Kijana wa miaka 22, mrefu wa mita 1.98, anakaa kwenye nyumba ya kampuni, ana mpishi na watumishi, anazunguka kuuza mafuta na vilainishi kwenye mashamba na migodi. Alijifunza Kiswahili. Alikutana na simba na nyoka, na hayo ameyaandika kwa raha zote.

Hapo wadau tusijidanganye. Aliishi Dar kama Mzungu wa enzi ya ukoloni, na raha zake zilibebwa na migongo ya watu wetu. Simwandiki hapa kama shujaa wa Tanganyika. Namwandika kwa sababu safari yake ilianzia kwenye mitaa yetu, na kwa sababu ya kilichomkuta huko mbele.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza Septemba 1939, Tanganyika ilikuwa na Wajerumani wengi waliobaki tangu enzi zao. Serikali ikaamua wakamatwe. Dahl akapewa cheo cha muda katika jeshi la King's African Rifles, ile KAR ambayo babu zetu wengi walipita, akakabidhiwa askari wa Kiafrika awaongoze kuwazuia Wajerumani wasitoroke. Hajawahi kuwa mwanajeshi maisha yake yote, lakini kwa sababu ni Mzungu yeye ndiye bosi. Wanajeshi wa KAR baadaye walipelekwa kupigana Ethiopia, Madagascar na Burma. Yeye ana vitabu na filamu. Wale aliowaongoza, nani anayajua majina yao?

NAIROBI: ALIJIFUNZA KURUKA JUU YA TWIGA

Novemba 1939 Dahl aliacha kazi yake, akachukua gari na kuendesha kutoka Dar mpaka Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Wewe unayelalamika basi la Dar-Nairobi linachosha, fikiria barabara ya mwaka 1939.

Pale Nairobi wakamfundisha kwa ndege ndogo ya mafunzo iitwayo Tiger Moth, nayo ya mabawa ya ghorofa, haina hata kioo cha kukufunika juu. Urefu wake ukawa tatizo. Akikaa, kichwa kinatokeza juu ya kioo cha mbele na upepo wote unamwishia usoni. Hata hivyo baada ya saa 7 na dakika 40 za mafunzo alikuwa anaruka peke yake. Kila alipoandika kuhusu siku hizo, aliandika kama mtu aliyekuwa mbinguni: anga la Kenya, milima, wanyama wanakimbia chini yake.

Alijiunga pamoja na vijana wengine 16. Vita vilipokwisha, wa hao 16 waliobaki hai walikuwa 3 tu. Soma tena hiyo namba taratibu. Mimi nilipoisoma mara ya kwanza niliacha kusoma, nikafungua picha zangu za Old Warden nikaziangalia upya.

Kutoka Nairobi walipelekwa Habbaniya, Iraq, kambi iliyopo jangwani magharibi ya Baghdad, wakakaa kwenye mafunzo kama miezi 6. Agosti 1940 Dahl akawa ofisa kamili. Halafu akapangiwa kikosi namba 80 kilichokuwa Misri kikipambana na Waitaliano. Ndege ya kikosi hicho ilikuwa ipi? Gladiator.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Hakuna aliyemfundisha kuendesha Gladiator. Hakuna aliyemfundisha namna ya kupigana angani. Alikabidhiwa ndege, basi.

TAREHE 19 SEPTEMBA 1940

Siku hiyo, siku 6 tu baada ya kutimiza miaka 24, aliambiwa apeleke Gladiator mpya kwenye kikosi chake. Akaruka kutoka Abu Sueir, akajaza mafuta njiani, akasimama tena Fouka kujaza mara ya mwisho. Pale Fouka, kwa maelezo yake mwenyewe, akaelekezwa mahali uwanja wa kikosi ulipo, kusini ya Mersa Matruh. Akaruka jioni.

Alipofika mahali alipoelekezwa hakukuwa na uwanja. Hakukuwa na hema, hakukuwa na mtu, ni mchanga na mawe tu. Akazunguka, akatafuta, wapi! Jua linazama, mafuta yanaisha. Gladiator haikuwa na chombo cha kumwonyesha njia kama simu yako ya leo. Ilikuwa ni ramani aliyojifunga kwenye goti na dira. Alikuwa ametumwa kwenye eneo lililopo katikati ya majeshi mawili, la Waingereza na la Waitaliano.

Akaamua kutua jangwani kabla giza halijaingia kabisa. Magurudumu yakagonga jiwe, ndege ikajikita pua chini. Fuvu la kichwa likapasuka, pua ikabonyea ndani, macho yakaacha kuona. Moto ukaanza. Akajikokota nje hivyo hivyo haoni, na mwenyewe alisimulia kuwa nyuma yake risasi za ndege zilikuwa zinalipuka kwa joto. Akaokotwa na wenzake, akapelekwa Mersa Matruh, halafu kwa treni mpaka hospitali Alexandria. Alikaa siku nyingi kipofu, asijue kama ataona tena. Ilikuwa Februari 1941 ndipo alipotoka hospitali.

Hakuna adui aliyempiga hata risasi moja. Hicho ndicho kilichonishika mpaka leo. Kilichombomoa ni haraka, maelekezo mabovu na ndege ambayo hakuwa ameizoea.

Nilikuja kugundua jambo jingine. Ule uwanja wa Old Warden niliokaa napiga makofi uliandaliwa na tajiri mmoja kijana, Richard Shuttleworth, mpenzi mkubwa wa magari na ndege za zamani. Naye alijiunga na jeshi la anga. Alikufa tarehe 2 Agosti 1940, miaka 31, ndege yake ikiangukia kilimani wakati wa mazoezi ya usiku. Mazoezi, siyo vita. Mama yake ndiye aliyeanzisha mfuko wa kumkumbuka, na kwa sababu ya mama huyo sisi leo tunazikuta zile ndege zikiruka. Kati ya ajali yake na ile ya Dahl kuna wiki 7 hivi.

AKARUDI TENA ANGANI

Ungedhani Dahl alisema basi, imetosha. Hapana. Aprili 1941 alipelekwa Ugiriki kuungana na kikosi chake. Sasa walikuwa na Hurricane, ndege ya bawa moja kila upande, ina bunduki 8 na mbio kubwa kuliko Gladiator. Alipofika Athens alikuwa na uzoefu wa saa 7 tu kwenye Hurricane. Dereva wa daladala anafanya mazoezi zaidi ya hapo kabla hajapewa abiria.

Wajerumani walikuja na mamia ya ndege. Waingereza walikuwa na Hurricane zinazohesabika kwa vidole. Siku chache baada ya kufika akaiangusha ndege ya kwanza ya Wajerumani karibu na Chalcis. Tarehe 20 Aprili 1941 Hurricane 12 zilipaa kukutana na kundi kubwa la ndege za Wajerumani juu ya Athens. Siku hiyo alikufa Pat Pattle, rubani mzaliwa wa Afrika Kusini ambaye wengi wanamhesabu kuwa ndiye aliyeangusha ndege nyingi kuliko rubani yeyote wa upande wa Waingereza katika vita ile. Dahl alirudi chini akiwa hai, shati limelowa jasho.

Ugiriki ikaanguka, wakahamishwa. Akapigana tena kutokea karibu na Haifa dhidi ya majeshi ya Ufaransa ya Vichy yaliyokuwa Syria na Lebanon. Hapo kichwa kikaanza kudai deni la ile ajali. Maumivu makali, kuzimia. Rubani anayezimia ni maiti. Kati ya mwaka 1941 wakamrudisha nyumbani, hajatimiza hata miaka 25. Utafiti uliofanywa baada ya vita ulimhesabia ndege 5 za adui.

UONGO ULIOMPA KAZI

Mwaka 1942 alipelekwa Washington, Marekani, kufanya kazi kwenye ubalozi wa Uingereza. Huko akakutana na mwandishi maarufu C. S. Forester, aliyetaka kuandika habari za rubani aliyetoka vitani. Dahl akaahidi kumwandikia kumbukumbu zake ili Forester azitengeneze. Forester alipozisoma hakuzigusa, akazipeleka gazetini kama zilivyo. Agosti 1942 zikatoka kwenye Saturday Evening Post. Hivyo ndivyo mwandishi alivyozaliwa.

Lakini kuna kasoro. Kichwa cha habari kilidai kwamba jamaa alitunguliwa, na tena Libya. Wewe na mimi tunajua hakutunguliwa, na alianguka Misri. Wakati ule wa vita nchi ilihitaji mashujaa, na kusema rubani alipotea njia mafuta yakaisha hakuuzi gazeti. Dahl akaacha iende hivyo. Ilipita miaka mingi ndipo alipoisimulia ajali ile kama ilivyokuwa, hasa kwenye kitabu cha kumbukumbu zake kiitwacho Going Solo cha mwaka 1986.

Mimi simlaumu sana. Nani hapa kijijini kwenye intaneti hajawahi kuipamba stori yake? Ila nampa heshima kwa kurudi nyuma akaisema bila mapambo, akiwa mzee na tayari ana jina.

Mwenyewe aliamini kuwa kile kipigo cha kichwa ndicho kilichomgeuza kuwa mwandishi. Vitabu vyake vikubwa vya watoto vilianza kutoka miaka ya 1960: James na lile pichi kubwa mwaka 1961, Charlie na kiwanda cha chokoleti mwaka 1964. Matilda alikuja mwaka 1988.

Maisha hayakumwonea huruma. Mwaka 1960 mwanawe Theo, mtoto wa miezi 4, aligongwa na teksi akiwa kwenye kigari chake mjini New York, maji yakawa yanajaa kichwani. Kifaa alichowekewa cha kuyatoa kilikuwa kinaziba mara kwa mara. Dahl akamtafuta fundi Stanley Wade, ambaye alikuwa anatengeneza pampu ndogo za mafuta za ndege za kuchezea, na daktari wa upasuaji wa kichwa, Kenneth Till. Watatu hao wakabuni vali mpya, wakakubaliana wasichukue faida yoyote. Theo alipata nafuu kabla haijamfikia, lakini ilitumika kwa watoto karibu 3,000. Mwaka 1962 binti yake Olivia, miaka 7, akafa kwa surua iliyopanda kwenye ubongo. Baadaye aliwaandikia wazazi kuwasihi wachanje watoto wao.

Na ubaya wake tuuseme. Alikuwa mkorofi, na mwaka 1983 alitoa maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi. Mwaka 2020 familia yake iliomba radhi hadharani. Kuandika vizuri hakumfanyi mtu kuwa malaika.

Alifariki Oxford tarehe 23 Novemba 1990, miaka 74. Mgongo wake ulimuuma tangu ile siku ya jangwani mpaka mwisho. Kwenye kibanda alichokuwa anaandikia aliweka kipande cha mfupa wa nyonga yake mwenyewe kilichotolewa hospitalini. Watu wengine wanaweka kombe la ushindi mezani.

Nimerudi Old Warden mara mbili tangu siku ile. Bado napenda ile ndege, na bado napiga makofi. Rubani anayeirusha sasa ana uzoefu wa miaka, mafundi wameikagua kila msumari, na upepo ukizidi hairuki. Ndivyo inavyotakiwa. Ila ikipita namkumbuka yule kijana aliyetoka Dar na gari lake, amejifunga ramani kwenye goti, jua linazama na uwanja hauonekani. Kuna wengi kama yeye ambao hawakupata nafasi ya kujikokota nje.

Kwa leo naishia hapa wadau, najua dakika za kafe zinakwenda. Kama kwenu kuna babu aliyepita KAR au aliyefanya kazi kwenye viwanja vya ndege enzi za vita, andika jina lake hapo chini kwenye maoni. Hao nao wanastahili kusimuliwa. Tuonane wiki ijayo.